Kupiga picha ISS ikipita: simu, kamera ya mtumba au darubini?

MwanaPangani
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Tanga mjini, nikakaa zangu barazani. Mara nikaona nyota inatembea. Haimemeti kama ndege, haina sauti. Ilitokea upande wa Muheza ikaelekea baharini, dakika kama nne hivi, kisha ikaishia hewani bila kufika upeo. Tovuti ya Heavens-Above ikaniambia ni ISS, kile kituo cha kimataifa cha anga. Tangu siku hiyo sina raha, nataka picha yake.

Nina laki tano. Nimebaki na njia tatu: simu yangu ya Android yenye modi ya Pro (ya kujipangia mipangilio mwenyewe), ninunue stendi tu, Canon 1200D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55, au darubini ya mm 70 ambayo muuzaji anaapa inakuza mara 500. Mke wangu anapigia kura ya kwanza, sababu mnazijua.

FundiLenzi
Darubini iondoe mezani. Kwa kawaida kila milimita ya upana wa kioo inakupa ukuzaji wa mara mbili, kwa hiyo mm 70 mwisho wake ni mara 140 hivi. Hiyo 500 utakuza ukungu. Halafu ISS ikiwa utosini inakata karibu digrii moja kila sekunde, na mwezi mzima una upana wa nusu digrii tu. Ukishasema "hii hapa", imeshatoka kwenye kioo. Wapo wanaosukuma Dobsonian, darubini kubwa ya kioo, kwa mkono huku wakirekodi video, wanachambua mamia ya fremu ili wapate chache zinazoonyesha paneli za jua. Hao wana kioo cha mm 200 kwenda juu, na roho ngumu.

Chukua kamera. Weka 18mm, f/3.5 (tundu la lenzi likiwa wazi), ISO 800 (wepesi wa kunasa mwanga), sekunde 15 hadi 20, fokasi ya mkono kwenye nyota angavu, ISS itajichora kama mstari, basi.

JichoLaNanyuki
Hapo napinga. Sekunde 20 kwa ISO 800 ni mipangilio ya huku kwetu, nje ya mji. Tanga mjini, saa moja anga bado lina bluu, picha itatoka nyeupe kama maziwa. Piga sekunde 4 mfululizo kwa ISO 200, kisha uziunganishe kwa programu ya StarStaX, ni ya bure. Na kwa njia hiyo simu inatosha kabisa, maana ISS ikipita juu hukaribia mng'ao wa Zuhura. Mimi nilianza na simu iliyoegemezwa kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili. Rimoti yangu ilikuwa earphone zenye kitufe cha sauti. Ukibonyeza skrini kwa kidole, mstari unaanza na kikunjo.

Zima kile kipengele cha kupunguza chenga. Kikiwa kimewashwa, kila baada ya picha simu inakaa kwanza ikijitafakari, na mstari wako unatoka kama mshono wa cherehani.

Mzee_Kilimia
Vijana mnabishana vifaa, saa mmeisahau. Niko Stockholm mwaka wa kumi na saba sasa. Huku mwezi Juni ISS inapita mara kadhaa usiku mmoja na kila mara inaangazwa na jua, kwa kuwa jua lenyewe linazama kidogo tu. Tanga jua linashuka wima. Kituo kiko juu kilomita 400 na ushee. Jua likifika digrii 20 chini ya upeo, hata kilichoko utosini kinaingia kwenye kivuli cha dunia. Kwa mwendo wa digrii 15 kwa saa, hizo ni dakika 80. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, una kuanzia saa moja hadi saa mbili kasoro dakika kumi. Ikikupita hapo, amka alfajiri. Kamera ya milioni tatu haikuongezei hata dakika moja. Tena jioni kivuli kinapanda kutoka mashariki, kwa hiyo elekeza kamera magharibi, usielekeze baharini eti kunapendeza.

Ila mna bahati ambayo sisi hatuna. Darubini ya angani ya Hubble haivuki digrii 28.5 kaskazini wala kusini, huku hatuioni kabisa. Na Tiangong, kituo cha anga cha Wachina, inaishia digrii 41.5. Nyinyi zote zinawapita utosini.

BintiNgomeni
Mzee kamaliza. Naongeza la pwani: kamera ikitoka chumba chenye AC, lenzi inavaa ukungu papo hapo. Niliwahi kuikosa ISS nzima nikifuta kioo kwa ncha ya leso. Itoe nje nusu saa kabla. Kura yangu ni simu.

Nje ya mada kidogo: huku kijijini naulizwa sana kama Taifa-1, setilaiti yetu ya Kenya, inaonekana. Haionekani, ni ya kubeba kwapani. Na setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapa baharini kwetu tarehe 12 Desemba 1970, ilishaungua angani mwaka 1979.

FundiLenzi
Simu sawa, kwa mstari mtupu. Siku atakayotaka nyota za Kilimia na Jabari nyuma ya huo mstari, atanikumbuka.

MwanaPangani
Mrejesho, wakuu. Nimenunua stendi tu. Jana saa moja na dakika 38, simu, ISO 200, picha 61 za sekunde 4. Mstari umeanzia juu ya mnazi wa jirani, umepanda vizuri, una mshono sehemu mbili tu. Ulipopita utosini kidogo ukageuka rangi ya chungwa, ukafifia, ukaisha. Mke wangu alikuwa kashika tochi, akauliza, "Wameizima?" Nikamweleza kivuli cha Mzee. Sasa ndiye anayetaka tuamke alfajiri.

FundiLenzi, laki nne na ushee bado ninayo. Hiyo 1200D nikienda kuiona, lenzi naikaguaje?

FundiLenzi
Nilijua. Fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma, tazama kwa mshazari. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi. Za pwani nyingi zinayo. Mrudishie mwenyewe.