Mashua nzuri, bei nzuri, moyo wakataa

MwanaLangoni: Asalaam aleikum jamaa. Kuna mashua inauzwa Matondoni, hapa Lamu, mjomba ndiye dalali. Bei nafuu, rangi mpya, tanga bado jeupe. Mimi baharini nina miaka 14, Kizingitini naenda usiku bila wasiwasi. Jana nilipoipanda tu, sijakagua lolote, mwili ukanisisimka nikashuka. Mjomba anasema ni shetani, na kesho kuna mteja wa Pate anakuja na pesa mkononi. Tatizo ni kwamba mwaka jana moyo huuhuu ulinikataza kumkopesha jirani, kumbe jirani mwaminifu kunishinda mimi. Niufuate?

NahodhaMstaafu: Mwanangu, hayo ni mato yako, macho, si moyo. Upepo wa kusi ukitaka kuanza, wewe wajua kabla hujasema, sivyo? Basi kuna kitu umekiona mle. Kaa chini ukumbuke: ulikanyaga wapi, ulishika nini, kulinuka nini. Rangi mpya mimi huiogopa.

BintiShela: Kuna wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein. Kahneman alikuwa akiishuku hisia, Klein akiitetea. Mwaka 2009 waliandika pamoja wakakubaliana kwamba hisia huaminika pale mambo yanapojirudia kwa utaratibu, na mtu ameyazoea muda mrefu huku akioneshwa makosa yake. Bahari inakusahihisha siku hiyohiyo. Jirani je, umekopesha wangapi maishani? Wawili?

Mpiga_Soga: Sali istikhara kaka, sala ya kumwomba Mungu akuongoze, ila usilale ukingoja ndoto. Sali, kisha nenda na nyundo. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka, mashua ilale mchangani, igonge ubao kwa ubao. Huyo wa Pate mwache aje. Mimi kila nikinunua kitu kuna "mteja wa kesho".

MwanaLangoni: Wallahi nimekumbuka! Kata ya kufulia maji, ya kuyachota na kuyamwaga nje ya mashua, ilikuwa imelowa. Mvua haijanyesha wiki nzima, na mjomba aliapa kuwa hakuna aliyeipanda tangu ipakwe rangi. Kuna mtu alifua maji asubuhi ile kabla sijafika. Na pale nilipokanyaga pana kalafati mpya, pamba ya kuziba kati ya mbao, mshono mmoja tu. Sasa nisaidieni jingine: mjomba ndiye aliyenilea. Namwambiaje?

NahodhaMstaafu: Usimwambie kitu. Mwombe mkailalie mashua usiku mmoja, wewe na yeye. Ile kata mpe yeye.