Mosin, K98k, No. 4 au K31: ipi ya kushika kwa mita 300?

Mlenga300:
Wakuu, nataka bunduki moja ya komeo ya zamani ya jeshi kwa shabaha ya mita 300, na vilenga vyake vya asili, bila darubini. Nalinganisha Mosin 91/30, Mauser K98k, Lee-Enfield No. 4 na K31 ya Uswisi. Mosin na K98k vilenga vyake vimeandikwa hadi mita 2000. Inafika kweli?

BarutiKavu:
Risasi inafika, shabaha huipati. Namba hiyo ni mabaki ya enzi ambapo kikosi kizima kilimimina risasi kwenye eneo. Mtu mmoja kwa macho matupu, hesabu 300 hadi 400.

Dakika moja ya pembe, kipimo cha mtawanyiko wa risasi, ni sm 2.9 kwenye mita 100, yaani sm 8.7 kwenye 300. K31 nzima yenye risasi za GP11, za jeshi la Uswisi, hukupa dakika 1.5 hadi 2, yaani kundi la matundu lenye upana wa sm 13 hadi 17. Mosin ya kawaida na risasi za zamani za ghala la jeshi ni 3 hadi 4, sm 26 hadi 35. Mimi ningemaliza mjadala hapo.

Fundi_Mtutu:
Usimalize, mkuu. Mosin nyingi zimeharibiwa na ufito wa chuma wa kusafishia unaopitishwa mbele, unakwangua mdomo wa mtutu. Chukua risasi ya mazoezi, isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha kitakoni), ingiza ncha mdomoni. Ganda likigota kwenye chuma, mtutu umelika. Ila karakana za Kisovieti zilipanua midomo ya baadhi ili kuondoa sehemu iliyolika; kwa hizo kipimo hiki kinadanganya, mulika kwa tochi.

Jingine: vilenga vya Mosin 91/30 vilirekebishwa singe ikiwa imefungwa. Ukiitoa, risasi zinahama. Gonga kilenga cha mbele kuelekea upande zinakoangukia, taratibu mno: kati ya vilenga ni kama sm 62, kwa hiyo mm 1 tu inahamisha risasi sm 16 kwenye mita 100.

Nyundo:
No. 4 mnaisahau bure. Kilenga chake cha nyuma ni tundu lililo karibu na jicho, hulazimiki kuona vitu vitatu kwa mpigo: kilenga cha nyuma, cha mbele na shabaha. Shida yake ni mbao. Mbao ya mbele inatakiwa isukume mtutu juu karibu na mdomo, kama kilo 1 hadi 3. Ikikauka na kusinyaa, msukumo unapotea na kundi linatawanyika. Watu wanalaumu risasi.

Mlenga300:
Na K98k?

Fundi_Mtutu:
Mtutu mzuri, vilenga vya kuudhi: ncha kali ndani ya V, jua likiwaka hujui ncha inaishia wapi. Zilizopita mikononi mwa Wasovieti baada ya vita zimechanganywa vipande, kwa hiyo mpe fundi apime kwa geji kama komeo linakaza ganda sawasawa kabla hujapiga hata moja.

BarutiKavu:
Ukichukua Mosin au K98k na risasi za zamani, jua fataki zake huacha chumvi. Mafuta peke yake hayaiyeyushi. Maji ya moto siku hiyo hiyo, kausha, ndipo mafuta. GP11 haina usumbufu huo.

Mlenga300:
Basi K31, nikiipata yenye mbao isiyopinda.