Mrejesho: Super R-Type baada ya R-Type

Wakuu, swali lilikuwa kama mtu aliyemaliza R-Type ya 1987, ule mchezo wa video wa chombo cha angani na kufyatua risasi, achukue pia Super R-Type ya Super Famicom, mashine ya Nintendo (1991). Kama unayo R-Type II, mwendelezo wa ya kwanza, acha. Hatua kadhaa za Super R-Type zimechukuliwa humo humo.

Kilichoiua ni vituo vya kati, yaani sehemu za kuanzia tena ukifa: havipo. Ukilipuliwa mbele ya bosi unarudi mwanzo kabisa wa hatua, Force (kidude cha silaha kinachojibandika kwenye chombo chako) imekwenda, kasi imekwenda, unaokota upya. Ya kwanza ilikuwa katili, ila ilikuwa na vituo.

Halafu inazubaa mno. Prosesa ina sehemu 1 ya 60 ya sekunde kumaliza kila fremu, yaani picha moja ya skrini. Maadui na risasi vikijaa haiwahi, mwendo unashuka. Hatari kubwa ni skrini inapotulia ghafla: kasi inarudi kidole kikiwa bado kimekandamiza, unajibamiza ukutani. Kwa hiyo usirundike nyongeza za kasi, na achia mwelekeo kabla kundi la mwisho halijalipuka.

Mzinga angalau una raha. Shikilia kitufe mita ya nguvu ijae mara moja, unapata mwali wa kawaida. Ijae mara ya pili, unatawanyika, unafaa kwa makundi. Kwenye njia nyembamba tumia leza ya buluu, inadunda kwenye kuta.

Kuna kiraka cha mashabiki (marekebisho ya programu ya mchezo) kinachohamishia kazi kwenye chipu ya SA-1, prosesa ya ziada yenye kasi zaidi, ya 10.74 MHz. Kinatibu kuzubaa tu.