Mjadala: 9 Disemba ni uhuru wa Tanganyika au wa "Tanzania Bara"?

Wadau salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi, mana kila ikikaribia 9 Disemba utaona mabango ya Uhuru wa Tanzania Bara, na mtu akiuliza Tanganyika imeenda wapi anaambiwa anataka kuvunja Muungano. Msimamo wangu nauweka mapema: iliyopata uhuru 1961 ni Tanganyika na sikukuu iitwe hivyo.

Twende na tarehe. Usiku wa kuamkia 9 Disemba 1961 bendera ya Muingereza ilishuka pale Dar ikapanda ya Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda akausimika mwenge kileleni Kilimanjaro, na siku chache baadaye tukaingia Umoja wa Mataifa kwa jina hilo hilo. Zanzibar wakapata uhuru wao 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili, na jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huo. Sasa hiyo Tanzania Bara ilipataje uhuru wakati Tanzania yenyewe haijazaliwa?

Halafu hii siku ni mbili ndani ya moja, na hapa ndo watu wengi wanapapita juu juu. 1961 tulijitawala lakini mkuu wa nchi akabaki Malkia wa Uingereza, Turnbull aliyekuwa gavana akaendelea kama mwakilishi wake, Nyerere akiwa waziri mkuu, Januari 1962 akamwachia Kawawa akaenda kujenga chama, Novemba ikapigwa kura ya urais akamshinda Mtemvu wa chama cha upinzani cha hapa hapa, ANC, ndo 9 Disemba 1962 ikawa Jamhuri ya Tanganyika. Sisi wa Dodoma tunaishi na majina haya kila siku, uwanja wetu ni Jamhuri, Chamwino kuna hospitali ya Uhuru iliyojengwa kwa hela zilizotengwa kwa sherehe za Uhuru za 2018, ila muulize kijana anayeuza maji nje ya uwanja hiyo Jamhuri ilikuwa ya nchi gani. Simlaumu, nani kamfundisha?

Mwaka 2017 sherehe zilifanyika hapo hapo Jamhuri, wengi tunakumbuka msamaha wa rais kwa wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha waliokuwa gerezani, lakini kilichotangazwa ni miaka 56. Toa 56 kwenye 2017 unarudi 1961. Tanzania mwaka ule ilikuwa na miaka 53 tu.

Kilichoniuma ni daftari la binti yangu wa darasa la tano. Swali nchi gani ilipata uhuru 1961, kaandika Tanganyika, kawekewa kosa kwa wino mwekundu na juu yake limeandikwa Tanzania Bara. Mtoto kapatia, tunamfundisha kukosea!

NYONGEZA baada ya kusoma michango yenu:

Mdau mmoja kasema Tanganyika ni jina la mkoloni. Hii hoja ina uzito, kweli Waingereza ndo walilitangaza 1920 baada ya kumnyang'anya Mjerumani. Lakini wazee wetu wenyewe walilibeba, TANU ya 1954 herufi yake ya kwanza ni Tanganyika, na jina hilo ndo limeandikwa kwenye Hati za Muungano zilizosainiwa na Nyerere na Karume.

Mwingine anasema nafufua mambo ya G55 ya 1993, yani wale wabunge waliodai serikali ya Tanganyika. Ndugu yangu, muundo wa serikali ni mjadala mwingine kabisa. Wazanzibari kila 12 Januari wanaadhimisha Mapinduzi ya Zanzibar kwa jina lake kamili, hakuna anayewalazimisha kusema Mapinduzi ya Tanzania Visiwani, na Muungano upo. Kwanini sisi tukitaja la kwetu tuonekane wasaliti?

Kuna aliyeniambia Tanzania Bara ndo jina la kisheria kwa sasa. Kwa sasa sawa, ila fungua Katiba ya 1977 ibara ya 151 uone inavyoieleza Tanzania Bara: ni eneo ambalo zamani lilikuwa Jamhuri ya Tanganyika. Katiba yenyewe inaitaja bila woga. Kwahiyo mnaopinga, nawaomba jambo moja, mwenye hati yoyote ya 1961 inayosema Tanzania Bara imepata uhuru aiweke hapa tuisome wote.