Waini nyeupe ya Constantia: hiyo 1685 kwenye lebo ni kweli au mbwembwe za kuuzia?

Mzabibu_Mchanga:
Wakuu habari zenu. Nimeletewa zawadi chupa ya Sauvignon Blanc ya Groot Constantia ya Cape Town, wao wanajinadi kwamba wapo tangu 1685. Sasa najiuliza, ina maana wamekuwa wakitengeneza waini miaka yote hiyo familia moja, au ndo mambo ya matangazo tu? Halafu kuna nyingine nyeupe ya Afrika Kusini imeandikwa Coastal Region, hiyo ndo ya pwani zaidi kuliko hii au vipi? Anayejua atufungue macho.

Ghala_Kuu:
1685 ni kweli mkuu, ndo mwaka Simon van der Stel, aliyekuwa mkubwa wa Waholanzi pale Cape, alipopewa ile ardhi. Ila familia moja hapana. Alipofariki 1712 shamba likakatwa vipande likauzwa, likapita mikono mpaka Hendrik Cloete akanunua Groot Constantia 1778, na hapo ndo waini yao tamu ikavuma Ulaya kiasi kwamba Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa, akiwa amefungwa kisiwani St Helena alikuwa analetewa. Baadae mambo yakaharibika, serikali ikalinunua shamba 1885, na mwaka uliofuata kikagundulika pale Cape kile kidudu filoksera kinachoshambulia mizizi ya mzabibu, we acha tu. Siku hizi liko chini ya trasti.
Na hiyo chupa yako ni drai, yaani haina utamu wa sukari, haihusiani sana na ile ya Napoleon, ile ilikuwa ya zabibu za Muscat zinaachwa mtini mpaka zinaanza kunyauka sukari ijae. Ukitaka kuionja tafuta Vin de Constance ya majirani zao Klein Constantia, waliifufua na mavuno ya 1986. Bei yake kaa chini kwanza.

Bi_Zabibu:
Kwenye lebo wengi wanapigwa hapo. Coastal Region ni jina la eneo kubwa kwenye Wine of Origin, mfumo wao wa kuonyesha zabibu zimetoka wapi, ndani yake kuna Stellenbosch, Paarl, Swartland, mpaka Tulbagh ambako bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Constantia nayo imo humo humo ila ni kipande kidogo, na ikiandikwa Constantia basi zabibu zote zimetoka hapo. Kwa hiyo ya kwako ndo ya pwani kweli, mashamba yako kwenye miteremko inayopigwa na upepo wa ghuba ya False Bay, zabibu zinaiva taratibu na ile ukali wa limau haupotei. Nusa kabla hujanywa, utasikia kama majani mabichi yaliyokatwa sasa hivi.

Mwana_wa_Kusi:
Naongezea kitu ambacho kwenye lebo hakipo. Mizabibu hiyo ilipandwa na kuhudumiwa na watumwa, wengine walitolewa Msumbiji na Madagaska, yaani upande wetu huu huu wa bahari, wengine India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulifutwa 1834 lakini wakabanwa waendelee kuwatumikia mabwana zao mpaka 1838. Na van der Stel mwenyewe bibi yake mzaa mama alikuwa Mhindi aliyewahi kuwa mtumwa! Ukifika pale utaonyeshwa ghala la Cloete la 1791 na zile sanamu za Anton Anreith juu ya mlango, watu wanapiga selfi wanaondoka. Mimi urithi wa shamba naanzia kwa walioshika jembe, hao wenye majina kwenye hati wanafuata.

Mzabibu_Mchanga:
Duh, asanteni sana, hiyo ya Msumbiji sikuwahi kuisikia kabisa. Sasa inanywewa baridi kiasi gani?

Bi_Zabibu:
Baridi lakini isigande, ikitoka kwenye friji iache dakika kumi hivi ndo umimine, ikiwa ya barafu harufu yote inajificha. Na usiiweke kabatini miaka ukisubiri sherehe, Sauvignon nyingi zinanoga zikiwa changa.