Mishumaa yangu ya harufu inanukia ikiwa imezimwa, nikiwasha hakuna kitu. Nimekosea wapi tena?

MamaTariq_Tabata

Wapendwa habari za jioni, naombeni msaada kwa wazoefu maana nshakula hela na sijauza hata mmoja. Niko Dar, niliacha kazi ya dukani nikasema nianze mishumaa ya harufu ya kwenye glasi, ile watu wanaweka sebuleni au bafuni, mtaji ulikuwa laki tatu na nusu na sasa hivi imebaki kama laki na ishirini.

Nilichofanya ni hiki, nilinunua nta ya parafini kilo tano na ya soya kilo mbili, glasi dazeni moja, uzi mnene wa pamba nikaufanya utambi, afu nikashuka Kariakoo kwenye maduka ya manukato nikachukua mafuta ya perfume aina saba (saba! najua, msinicheke), vanila, asumini, udi, stroberi, lavenda, moja muuzaji anaiita tu "ya baridi" na nyingine lebo imebanduka sijui hata ni nini.

Jumamosi usiku nikamimina sita. Asubuhi haijawashwa inanukia mpaka kwenye korido, jirani kauliza unapika keki? Nikawasha, hola. Harufu ya nta tu kama umeme umekatika. Wa udi ukachimba shimo katikati kama kisima, pembeni nta iko vilevile haijaguswa. Na mmoja ambao niliona mafuta ni kidogo nikaongezea perfume ya kupulizia ulikuwa unalia chwii chwii na kurusha cheche, nikaogopa nikaumwagia maji ndo ukalipuka juu vizuri, pazia limeungua kidogo, mume wangu hajajua kwahiyo tusiongee sana hapo.

Maswali yangu: haya mafuta niliyonunua yanafaa au ndo nimeliwa, harufu zipi zinatoka kweli huku kwetu, na hiyo laki na ishirini ninunue nini kwanza?

Kijana_wa_Luku

Dada mimi mshumaa ni pale Luku imeisha saa tano usiku na wakala kafunga. Niwashe wa elfu kumi na tano na umeme upo? Ila wife kaniambia nikae kimya anaufuatilia huu uzi, endeleeni.

Nta_na_Tambi

Dada Mama Tariq pole, ila umenifurahisha maana makosa yako yote nimeyafanya mimi, isipokuwa la pazia. Nipo Arusha, mwaka wa tatu huu natengeneza, nauzia maduka mawili ya zawadi na loji moja. Ntaandika ndefu kidogo, vumilia.

Kwanza usiwashe mshumaa wa soya siku ya pili. Soya inataka ikae, mimi naacha wiki mbili imefunikwa kabatini, ukiwa na haraka sana wiki moja. Parafini siku mbili tatu inatosha. Ulivyowasha Jumapili ulichopima ni papara yako tu, kwahiyo hiyo mitano iliyobaki usiitupe, funika, andika tarehe chini ya glasi, iwashe baadaye ndo uniambie.

Pili mafuta. Yale ya Kariakoo yametengenezwa kwa ajili ya mwili, mengine ni mazito na safi na yanakubali kwenye nta, mengine yameshachanganywa na spiriti au kitu cha kuyafanya mepesi na hayo hayashikani na nta hata uimbe. Namna ya kujua bila kupoteza glasi nzima: yeyusha gramu hamsini za nta kwenye kikopo, tia gramu nne za mafuta, koroga dakika mbili, acha ipoe. Ukiona matone yamekaa chini au juu kumelowa kama kumetoka jasho, hayo jipake mwenyewe. Na ukienda dukani usiulize "yananukia?", maana yote yananukia, uliza yanahimili joto nyuzi ngapi kabla ya kushika moto na kama ana karatasi ya usalama ya hayo mafuta. Muuzaji akikuangalia kama umemwomba cheti cha ndoa, hama duka. Perfume ya kupulizia sehemu kubwa ni spiriti, ndo maana zile cheche.

Vipimo sasa. Hapa ndo wengi tunapika kama mchuzi, kijiko hiki kijiko kile. Nunua mzani wa jikoni wa kidigitali na kipimajoto kabla hujanunua tone lingine la mafuta. Jaza glasi yako maji mpaka pale unapotaka nta ifike, pima, maji yakiwa gramu 200 basi mchanganyiko wa nta utakuwa kama 180 maana nta ni nyepesi kuliko maji. Mafuta anza na asilimia 8 ya uzito wa nta. Glasi kumi unahitaji jumla gramu 1800, kwahiyo nta 1667 na mafuta 133. Usizidishe ukidhani ndo itanukia zaidi, soya nyingi mwisho wake asilimia 10, ukipita hapo mafuta yanatoka nje yanaelea na utambi unazama.

Joto: yeyusha kwa sufuria ndani ya sufuria yenye maji, sio juu ya moto moja kwa moja. Ikifika kama 80 au 85 zima, tia mafuta, koroga taratibu dakika mbili kamili kwa saa, sio kwa kukadiria. Afu subiri ishuke kwenye 60 ndo umimine.

Ule uzi wa pamba achana nao. Tafuta tambi za pamba zilizosukwa na kuchovywa nta, zenye kitako cha bati, na zinauzwa kwa saizi. Shimo kama kisima maana yake utambi ni mdogo kwa upana wa glasi. Ukiona moto mrefu, masizi kwenye kioo na utambi umeota kichwa kama uyoga, hapo ni mkubwa. Glasi ya sentimita 7 inatakiwa nta iyeyuke mpaka ukingoni ndani ya masaa kama matatu, kina kama sentimita moja. Nunua saizi tatu, kumi kumi, mimina glasi tatu zilezile nta ileile harufu ileile, badilisha utambi tu. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutojua kilichokuponya.

Kwahiyo hela yako: mzani, kipimajoto, tambi. Mafuta baadaye.

Mzee_wa_Asali

Mnahangaika na soya inayotoka nje ya nchi wakati Tabora, Katavi na Kigoma huku kuna nta ya nyuki. Haitaki harufu ya dukani, inanukia yenyewe. Parafini inatokana na mafuta ghafi ya petroli, hiyo mnavuta masizi tu sebuleni.

Nta_na_Tambi

Mzee wangu shikamoo. Nta ya nyuki naipenda na ninayo, lakini bei yake hailingani na parafini hata kidogo, na ile harufu yake ya asali inagombana na asumini mpaka zote zinaharibika. Inayeyukia juu, nyuzi 62 mpaka 64, kwahiyo kwa joto la Dar inasimama vizuri, hapo nakubali. Mimi natia kidogo kwenye soya kuikaza. Ila masizi sio ya parafini peke yake, hata hiyo ya nyuki ukiiwekea utambi mkubwa itapaka dari.

Bi_Mlangilangi

Asalaam alaykum. Mie niko Unguja, mshumaa natengeneza kidogo tu, kazi yangu hasa ni udi na marashi, kwahiyo ntasema kuhusu harufu.

Mama Tariq, hilo stroberi na la baridi wamekutilia tu kwenye mfuko. Mtu wa kwetu kakulia kwenye chetezo, anajua nyumba iliyonukia ni ipi. Anayenunua mshumaa kwangu ni yule anayetaka harufu ya udi lakini ana mtoto wa pumu hataki moshi mwingi, au kapanga nyumba ya fleti king'ora cha moshi kinapiga kelele. Kwahiyo anza na tatu, udi, asumini, na moja ya jikoni, mie nafanya karafuu na mdalasini. Udi wenyewe hasa hutouweza kwa bei, utatumia mafuta yaliyotengenezwa kufanana, si dhambi, ila lebo usiandike udi halisi, kuna bibi atanusa mara moja akuaibishe mbele za watu.

Mafuta ya mimea yenyewe nayo yana tabia zao. Ya karafuu yana nguvu, ukizidisha mtu kichwa kinamuuma, anaona yuko kwa daktari wa meno. Mchaichai unatoka vizuri. Machungwa na ndimu ndo wasaliti, kwenye chupa yanachangamka, ukiyatia kwenye nta ya moto yanaruka, unabaki na mshumaa wa kumbukumbu. Langilangi tamu lakini ghali, tia kidogo ndani ya asumini, watu watakuuliza hii umeweka nini na usiwaambie.

Na mchaichai usije ukaandika "unafukuza mbu" kwenye lebo. Mteja akiumwa na mbu atarudi kwako, na hiyo sasa unauza dawa si mshumaa.

Pwani_Mrembo

Mimi niko Mombasa, naomba niongee kuhusu hilo la maji maana nimesoma nikashtuka. Dadangu usimwage maji kwa nta inayowaka! Maji yanazama chini, yanageuka mvuke mara moja, yanarusha nta na moto kila mahali. Funika na mfuniko au sahani, moto ukose hewa, basi. Kila sufuria yangu ya nta iko na mfuniko wake kando, na siachi jiko hata nikisikia mtoto analia, nazima kwanza.

Vyombo pia. Mimi nilianza na vifuu vya nazi, vinapendeza kwa picha jamani, watalii wanavipenda, nikatengeneza ishirini. Vingine vikavuja kwa macho ya kifuu, kimoja kikapasuka, kimoja utambi ulisogea kando kikashika moto chenyewe, hicho ndicho kilinitoa huko. Sasa natumia glasi nene tu za kustahimili joto, na naipasha kidogo kabla ya kumimina, nta ya moto kwa glasi baridi haikosi kukuletea ufa. Chupa za jemu ziko sawa bora uzioshe na uzikaushe kabisa kabisa, tone moja la maji ndani utalisikia.

Halafu rangi: usiweke ya chakula, ni ya maji haichanganyiki, na kalamu za nta za watoto zinaziba utambi. Bora uuze nyeupe.

Kijana_wa_Luku

Wife anauliza, bodaboda akiubeba mshumaa saa saba mchana Dar si utafika supu?

Nta_na_Tambi

Mwambie wife kauliza swali la maana kuliko wewe. Soya laini ya kwenye glasi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 46 mpaka 54 hivi, na boksi lililokaa juani kwenye pikipiki linafika karibu na huko. Juu panatoka jasho la mafuta, au utambi unalala. Mama Tariq kwa kuwa parafini anayo nyingi, changanya nusu kwa nusu na soya hiyo uliyobaki nayo, itakaza na harufu inatoka vizuri kwenye parafini. Oda za mbali peleka asubuhi au jioni. Ukiona mabaka meupe kama chumvi juu ya soya usiogope, ndo ilivyo.

Na ukishajua unachofanya pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze habari za TBS, shirika la viwango, maduka makubwa hayakupokei bila alama yao ya ubora. Ila kwanza utambi.

MamaTariq_Tabata

Jamani nimerudi, wiki mbili na siku tatu. Sikununua mafuta mapya hata tone, nimenunua mzani, kipimajoto na tambi saizi tatu, nimebaki na elfu thelathini na nane.

Mafuta saba nimeyapima kwenye vikopo kama mlivyosema, matatu yamekaa chini kama maji kwenye petroli, stroberi likiwemo. Manne yamekubali. Nikamimina nusu kwa nusu glasi tatu za udi, tambi ndogo imechimba kisima tena, kubwa imeota uyoga na kioo kimekuwa cheusi, ya kati imefika ukingoni masaa mawili na dakika hamsini, nilikaa na saa mkononi kama msimamizi wa mtihani. Na inanukia! Mume wangu kaingia kutoka msikitini kauliza nani kafukiza udi, nikamwonyesha, akaunusa, akaniambia na pazia je. Kumbe alikuwa anajua siku zote.

Asumini nao umetoka. Shida ni wa vanila, unanukia vizuri sana ila niliumimina mweupe na sasa umegeuka kahawia, kila siku unazidi. Nimeuharibu?

Bi_Mlangilangi

Hujauharibu shoga, vanila ndo rangi yake hiyo, kile kinachoipa ule utamu ndo kinachogeuza nta. Mteja mwambie mapema, au tafuta glasi ya rangi.

MamaTariq_Tabata

Basi nimepata jina. Nauandika "Chai ya Maziwa", kuna dada wa saluni hapa chini kaniwekea oda ya mitatu.