Mjadala: Wanafunzi wachore katuni darasani, au ni kupoteza vipindi?

Wadau, walimu na wazazi wengi wanasema katuni ni za kijiweni na magazetini; ukizileta darasani mtoto atatazama picha, ataruka maneno, na Kiswahili chake kitaharibika. Mimi nasema ziingie, kwa sharti moja: watoto wazitunge wenyewe, wasiishie kuzisoma.

Angalieni mtihani wa Kiswahili wa darasa la saba. Kwa miaka mingi umekuwa na sehemu ya utungaji ambapo mtoto anapewa sentensi nne zilizovurugwa azipange kwa herufi A hadi D. Wengi wanabahatisha. Mpe visanduku vinne atunge kisa chake, uone atakavyohangaika mwenyewe na mtiririko: nani yuko wapi, tatizo gani limezuka, limekolea vipi, limeishaje. Shirika la World Comics la Finland limeutumia mtindo huu wa fremu nne kwenye mafunzo, yakiwemo ya hapa Tanzania: karatasi mbili za A4 zinaunganishwa, zinatolewa kopi, zinabandikwa ukutani. Penseli inatosha kuanzia.

Faida kubwa naiona kwenye lugha. Tuseme mtoto kaandika kwenye insha: "Mama alimwambia Asha aende dukani haraka kununua chumvi." Kwenye kisanduku hiyo haienei. Inabidi mama aseme mwenyewe: "Asha, kimbia dukani, chumvi imeisha!" Hapo mtoto katoka kauli taarifa kaingia kauli halisi, mada tunayoimaliza ubaoni kwa kanuni na wiki ijayo wamesahau. Kipindi kinachofuata aigeuze katuni yake kuwa insha, na alama za mtajo ziwe mahali pake. Anayechora watu wa vijiti asikatwe maksi, maana tunapima kisa na lugha.

Hofu ya lugha kuharibika siipuuzi. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, limeandikwa kwa Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa huko, na vijana wamelipokea kwa mikono miwili; lakini Sheng kwenye karatasi ya mtihani ni kukosa. Ningeruhusu kondakta wa daladala kwenye katuni aongee kikondakta, ila maelezo ya juu ya kisanduku yawe Kiswahili sanifu. Mtoto akiweza kutenganisha hayo mawili, rejesta, yaani lugha inayobadilika kulingana na mahali na watu, haitamtesa sekondari.

Kinachonisumbua kweli ni darasa la watoto 80. Nani atasahihisha? Ukiwaweka vikundi, fundi wa kuchora anashika penseli na wenzake wanakodoa macho. Walimu wa shule za serikali mliojaribu, mligawaje kazi ndani ya kikundi? Na nyie wazazi mnaopinga, kipindi kimoja kila wiki mbili nacho mnakikataa? Kama ndiyo, semeni kwa nini.